Fataki za mwisho wa mwaka: namna ya kumtuliza mbwa asikimbie wala asidhaniwe ana kichaa

Na Mwandishi Wetu, Same

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, barabara ipandayo mlimani kutoka Makanya kwenda Suji huwa na shughuli nyingi kuliko siku za kawaida. Wana wa Upareni wafanyao kazi Dar es Salaam, Arusha, Tanga na kwingineko hurejea makwao kuwaona wazee wao, kukarabati nyumba na kumalizia mwaka pamoja na ndugu. Katika mizigo yao, pamoja na mchele, sukari na vitenge vya akina mama, siku hizi hazikosekani pakiti chache za fataki. Zinapolipuliwa usiku wa kuamkia Januari 1, mlio mmoja haubaki mmoja: hugonga ubavu wa mlima huu, ukarudishwa na ule wa pili, na aliye bondeni akasikia mwangwi ukizunguka pande zote kabla haujafifia.

Watoto hushangilia. Wazee hutabasamu au hunung'unika, kila mmoja kwa tabia yake. Asubuhi yake, hata hivyo, katika nyumba moja au mbili hukutwa mnyororo umekatika, au kamba imetafunwa, na mbwa hayupo.

Yanayompata mbwa huyo baadaye ndiyo yaliyosababisha makala haya kuandikwa. Mbwa aliyekimbia kwa hofu haangalii njia. Anaweza kuteremka hadi tambarare na kugongwa na gari katika barabara kuu. Anaweza kuingia kijiji asichokijua, akatetemeka chini ya ghala la mtu huku mate yakimtoka, na wenyeji wakaamua kwamba ana kichaa wakampiga hadi kufa. Anaweza pia kumng'ata mtoto aliyemfuata kwa nia ya kumshika tu. Tukio hili la mwisho ni zito kuliko yote, kwa kuwa kila jeraha la mbwa asiye na rekodi ya chanjo ni jambo la kupelekwa kituo cha afya bila kusubiri.

Kwa mkazi wa Suji, mbwa si pambo la nyumba. Shamba la mahindi au maharage lililo karibu na msitu lina maadui wengi: nyani, tumbili na nguruwe pori, ambao kwa usiku mmoja au asubuhi moja huweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Mbwa aliyezoea mipaka ya shamba, anayewajua watu wa nyumbani na asiyegusa kuku wa jirani, hapatikani kwa wiki moja. Hulelewa na kufundishwa kwa muda mrefu. Kumpoteza kwa sababu ya dakika kumi za shamrashamra ni hasara ambayo kaya nyingi huitambua pale nyani wanaporudi shambani.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini mnyama asiyemwogopa nyani dume akimbie mlio wa kitu kinachonunuliwa dukani.

Sikio la mwanadamu husikia sauti zenye mitetemo kuanzia takribani 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Sikio la mbwa hufika hadi mitetemo ipatayo 45,000. Mbwa husikia milio myembamba ambayo kwetu ni kimya kitupu, na sauti hafifu kwetu huwa dhahiri kwake akiwa mbali zaidi. Mluzi wa fataki inayopaa kabla ya kupasuka, ambao sisi tunauona kuwa sehemu ya burudani, kwake ni sauti kali iliyotangulia kishindo. Fataki kubwa ikilipuka karibu huweza kufikia desibeli 150, ilhali sikio la mtu huanza kuuma katika kiwango cha karibu 120.

Pamoja na hayo, ukubwa wa sauti si sababu pekee. Mbwa wa Upareni husikia vishindo vingi: mti unaoangushwa, lori linaloshusha mawe, ngoma, spika za harusini. Avumilie hayo, kisha ashindwe na fataki, kwa nini? Kwa sababu fataki haina mahali wala wakati. Hutokea juu, gizani, pamoja na mwanga wa ghafla na harufu ya baruti, na hairudii kwa mpangilio ambao mnyama angeweza kuuzoea. Ubongo wa mbwa hufanya kile ambacho ubongo wa kiumbe chochote hufanya mbele ya hatari isiyojulikana: huamuru mwili utoe homoni ya adrenalini, moyo unadunda kasi, damu inakimbilia misulini, na tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Kwa kuwa hakuna wa kupigana naye, hubaki kukimbia.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa wilayani. Wakazi wa vijiji vya tambarare vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi wanafahamu kwamba miongoni mwa njia za kuwarudisha tembo wanaovamia mashamba ni kupiga kelele za ghafla na kumulika tochi zenye mwanga mkali. Kishindo na mwanga gizani, basi, ni zana ya kumfukuza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Si haki kumtarajia mbwa wa kilo 15 aitafsiri zana hiyo hiyo kuwa ni salamu za Mwaka Mpya.

Hofu hiyo, zaidi ya hapo, hujifunzwa na kukumbukwa. Mwanasayansi wa Kirusi Ivan Pavlov, anayefahamika kwa majaribio yake ya kengele na mate ya mbwa, alijionea jambo hili bila kulikusudia. Mwaka 1924 mafuriko makubwa yaliikumba Leningrad, na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wa maabara yake. Mbwa waliokolewa wakiwa karibu kuzama. Baadhi yao walibadilika tabia baada ya siku ile, na ilitosha maji kidogo kupenyezwa chini ya mlango ili hofu yote irejee. Mbwa wa Suji aliyepitia usiku mmoja mbaya wa fataki anaweza vivyo hivyo kuanza kutetemeka kwa radi, kisha kwa mwanga wa radi kabla ya ngurumo, kisha kwa wingu zito tu. Mwenye mbwa anayedai kwamba mnyama wake atazoea mwenyewe kadiri miaka inavyokwenda mara nyingi hukuta kinyume chake.

Kuna upande mmoja wa habari hii unaomfaa mkulima. Mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba, huja na radi. Mwenye mbwa hana haja ya kungoja Desemba 31 ili ajue mnyama wake ni wa aina gani. Amtazame radi ya kwanza ya Novemba inapopiga. Akijificha uvunguni, akitweta ilhali hakuna joto, akipiga miayo mfululizo, akilamba midomo, akilaza masikio, akibana mkia kati ya miguu au akizungukazunguka bila kutulia, hiyo ni hofu. Wengi hatuzitambui dalili hizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kwamba wenye mbwa wapatao robo walisema mbwa wao wanaogopa milio. Lakini walipoulizwa juu ya dalili moja moja, karibu nusu walikiri kuziona. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wanaolala na mbwa chumba kimoja, sisi ambao mbwa wetu hulala nje tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi.

Maandalizi ya siku yenyewe huanza mchana. Mbwa atembezwe au aende shambani kama kawaida, achoke vizuri. Apewe chakula mapema, kabla ya jua kuzama, kwa sababu mnyama mwenye hofu hukataa kula, na aliyeshiba na kuchoka hulala upesi zaidi. Maji yawepo muda wote, maana kutweta hukausha mwili.

Suala la mnyororo linahitaji kusemwa kwa uwazi, kwa kuwa hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Desturi ya kumfunga mbwa nje kwa mnyororo inaeleweka, lakini usiku wa fataki mnyororo ni hatari. Mbwa anayejaribu kukimbia huku amefungwa hujinyonga, huvunja meno akiutafuna, hujikata shingo, au huruka uzio na kuning'inia upande wa pili. Akiukata, hutoweka na kipande chake shingoni, na kipande hicho kikinasa vichakani anaweza kufa kwa kiu mahali ambapo hakuna amwonaye. Usiku huo mbwa afungiwe ndani ya chumba au banda, wala asifungwe kwa mnyororo.

Si lazima chumba hicho kiwe sebule. Jiko la nje, stoo ya mahindi, au banda la mbuzi lisilo na mbuzi vinatosha, alimradi mlango unafungika na kuta ni imara. Nyumba za matofali huzuia sauti kuliko mabanda ya mbao. Bati tupu, kwa upande wake, huongeza kishindo badala ya kukipunguza. Madirisha na nyufa zizibwe kwa magunia au blanketi kuukuu, kwa kuwa mwanga nao ni sehemu ya tatizo. Sakafuni yawekwe majani makavu au gunia analolalia siku zote, lenye harufu yake. Akichagua kujibanza pembeni, chini ya meza au nyuma ya magunia, aachwe hapo hapo. Mahali alipopachagua mwenyewe ndipo panapomtuliza, na kumvuta atoke ni kumwondolea kinga aliyojitafutia. Kwa familia za Kiislamu, ambazo kwa sababu za twahara hazimwingizi mbwa ndani ya nyumba ya kulala, utaratibu huu wa banda lililofungwa haugusi kabisa masharti ya dini.

Redio ifunguliwe karibu naye kabla milio haijaanza, kwa sauti ya wastani. Lengo si kuishinda fataki, bali kuijaza nafasi ya kimya ili kishindo kisije kikadondoka mahali patupu. Kwaya, taarifa ya habari au mazungumzo yoyote aliyoyazoea yanafaa. Muziki wenye ngoma za kushtua haufai.

Jambo lenye nguvu kuliko redio ni mtu. Mbwa akiwa na mtu anayemfahamu, aliyeketi kwa utulivu akiendelea na shughuli zake, hofu hupungua. Yupo atakayesema kwamba kumbembeleza mbwa anayeogopa ni kumfundisha uoga. Wataalamu wa tabia za wanyama hawakubaliani tena na rai hiyo: hofu ni hali ya mwili, haipewi tuzo kama vile kukaa au kuja unapoitwa. Kumwekea mkono na kusema naye kwa sauti ya chini hakumharibu. Kinachomharibu ni kumfokea, kumpiga, au kumburuta nje aone kwamba hakuna kitu, kwani baada ya hapo anakuwa na vitu viwili vya kuogopa. Katika familia nyingi kazi hii humfaa kijana asiyependa makelele, na si vibaya akapewa heshima yake kwa kuifanya.

Dawa zinahitaji tahadhari kubwa. Dawa za binadamu za maumivu zilizozoeleka majumbani, kama vile parasetamo na ibuprofeni, zinaweza kumdhuru mbwa vibaya na hata kumuua, na hazina uwezo wa kuondoa hofu. Pombe nayo ni sumu kwake. Zipo dawa za kutuliza ambazo daktari wa mifugo aliyesajiliwa anaweza kumpatia mbwa mwenye hofu kali, akizingatia uzito, umri na afya yake. Baadhi ya dawa za zamani hulegeza mwili tu huku akili ikibaki macho, mbwa akawa anaogopa bila kuweza kusogea. Ndiyo maana uamuzi huo haufanywi na mwenye mbwa wala na muuza duka, na ndiyo maana inafaa kumwona afisa mifugo wa kata mapema Desemba badala ya jioni ya tarehe 31.

Mwenye muda wa wiki kadhaa anaweza kufanya kazi ya kudumu zaidi. Mlio wa fataki uliorekodiwa kwenye simu huchezwa kwa sauti ndogo sana, ndogo kiasi kwamba mbwa anasikia lakini hashtuki, na papo hapo anapewa kipande cha chakula akipendacho, kama vile dagaa au ukoko wa ugali. Hufanyika dakika chache kila siku, sauti ikiongezwa kidogo kidogo. Siku atakayoshtuka, sauti irudishwe ilipokuwa juzi yake. Mantiki ni ile ile ya Pavlov ikigeuzwa upande wa heri: mlio unakuwa dalili ya dagaa. Watoto wa mbwa wa kati ya wiki 3 na 12 hujifunza haraka kuliko wote, hivyo anayechukua mbwa mdogo mwezi wa Septemba au Oktoba yuko katika nafasi nzuri.

Endapo mbwa atatoroka pamoja na tahadhari zote, asikimbizwe. Mnyama mwenye hofu akikimbizwa hata na bwana wake huongeza mbio. Mlango wa banda uachwe wazi, chakula na gunia lake viwekwe pale, kwa kuwa wengi hurejea wenyewe kabla ya mapambazuko, kijiji kinapokuwa kimya. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani waarifiwe mapema, waelezwe rangi ya mbwa na kwamba amechanjwa. Taarifa hiyo fupi inaweza kumwokoa na mawe.

Hapa tunafika kwenye kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye hofu hutetemeka, hudondosha mate, hujificha na anaweza kung'ata akikaribiwa. Mbwa mwenye kichaa naye huonesha baadhi ya mambo hayo hayo, na si rahisi kwa mtu wa kawaida kutofautisha kwa kutazama mara moja. Tofauti kuu huonekana kwa muda. Hofu ya fataki hupungua baada ya saa chache za ukimya: mbwa hunywa maji, hula, humtambua anayemwita. Kichaa hakirudi nyuma. Mnyama hushindwa kumeza, taya hulegea, sauti ya kubweka hubadilika ikawa ya kukwaruza, hushambulia hata vitu visivyo hai, kisha hupooza na kufa katika siku chache. Kanuni salama kwa asiye mwenye mbwa ni moja katika hali zote mbili: usimguse, usimzingire, waondoe watoto, kisha umwarifu afisa mifugo au uongozi wa kijiji.

Aliyeng'atwa, au hata kukwaruzwa kwa jino, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Chanjo baada ya kung'atwa, iliyotumika kwa mtu kwa mara ya kwanza na Louis Pasteur mwaka 1885, huokoa maisha ikitolewa mapema. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu ni kifo karibu mara zote. Mbwa aliyeng'ata, kama anajulikana na anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe papo hapo bali awekwe chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyong'ata.

Kuhusu walipuaji wenyewe, Jeshi la Polisi hukumbusha kila mwisho wa mwaka kwamba kulipua fataki bila kibali ni kosa. Katazo hilo lipo kwa ajili ya usalama wa watu na mali kwanza, lakini linamsaidia pia mfugaji, kwa kuwa fataki yenye kibali huwa na mahali na saa inayojulikana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili kwa wanyama, na kumrushia mbwa fataki miguuni ili watu wacheke, mchezo ambao baadhi ya vijana huuona kuwa mdogo, ni ukatili. Wanaotaka kufurahi pamoja na familia wanaweza kuafikiana na majirani juu ya saa moja maalumu na uwanja mmoja ulio mbali na mazizi. Ng'ombe na mbuzi nao wana masikio, na ng'ombe mwenye mimba aliyeshtuka na kujigonga zizini ni hasara kubwa kuliko mbwa aliyepotea.

Mwaka Mpya si usiku pekee wa kujiandaa. Wasomaji wetu wa Zanzibar hushuhudia fashifashi kila usiku wa kuamkia Januari 12, Siku ya Mapinduzi, siku 11 tu baada ya mkesha wa Mwaka Mpya. Mbwa aliyeshtuka mara ya kwanza anakuwa bado hajasahau. Kwa wakazi wa Suji na kata jirani, hatua inayoweza kuchukuliwa leo ni kumpeleka mbwa kwa afisa mifugo wa kata akapate chanjo ya kichaa, ambayo mbwa anaweza kupewa akiwa na umri wa miezi mitatu na hurudiwa kwa ratiba ya mtaalamu. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na nyaraka za familia, na mkanda wa shingoni uandikwe namba ya simu kwa wino usiofutika na mvua.